Hapa Hakuna Mgao

Koti lilimkubali Mzee Kitheka mabegani, likamkataa tumboni. Lilikuwa la jirani yake Shivachi, seremala mwembamba ambaye hulivaa kanisani tu, na alikuwa amelitoa kwa masharti: lisimwagiwe chai, lisiegemee ukuta wenye masizi, na lirudi kabla ya ibada ya kesho.

"Usifunge kifungo, baba," Nasike alimwambia mkwewe. "Liache wazi. Wataona tai."

"Na suruali?"

Wote wawili wakaangalia chini. Mguu wa kushoto wa mzee ulikuwa ndani ya plasta kutoka pajani hadi karibu na vidole, na suruali iliyoweza kuupita ilikuwa ile aliyoikata Nasike kwa mkasi, upande mmoja suruali kamili, upande mwingine kaptura. Watoto wa ploti walikuwa wameichora plasta yote. Kulikuwa na kuku, nyumba, na gari lenye magurudumu matano.

"Kamera inaishia kifuani," Nasike alisema. "Huku chini ni siri yetu."

"Siri gani na Mashimoni yote imeniona nikibebwa?"

Mguu ulivunjwa na mtaro. Wakubwa walikuja wakiwa wamevaa kofia za plastiki, wakashika majembe mapya, wakapigwa picha, wakaondoka. Mtaro ukachimbwa, ukaachwa wazi. Hata kamba ya kumwonya mtu hawakufunga. Mzee Kitheka alitumbukia humo jioni moja akiwa na sukuma wiki mkononi. Lango la mkubwa likichimbiwa mtaro, unafunikwa kabla wafanyakazi hawajanawa mikono. Wa Mashimoni unasubiri mvua iuzibe kwa matope.

Kwa ajili ya mguu huo, mzee alikuwa Mashimoni, Kibera, siku ambayo alipaswa kuwa kwake Kitui, uani pake, kwenye kiti chake. Jumamosi hiyo watu wa kijana Simeon walikuwa wanapeleka mbuzi wa ntheo, yaani wa posa ya Kikamba, kumwomba Ndinda, binti wa mzee. Mbuzi watatu. Baba wa msichana akisema nimewapokea, msichana ana kwao kupya. Baba asiposema, katika ukoo wao mbuzi hawalali hapo. Jua likianza kuzama wanafungwa kamba na kurudi walikotoka, na watu waliowaleta hurudi nao wakiwa kimya, na hawaji tena. Mzee hakuwa na ndugu wa kiume wa kumsemea. Neno lilikuwa lake peke yake, na kinywa chake kilikuwa Nairobi.

* * *

Saiba ya Nzuki, mwana wa mzee, ambako watu walikodi kompyuta, ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, mlango ukitazamana na kioski cha maji cha mkewe Nasike. Aliyeingia aliona vioo vitatu, kibodi tatu na viti vitatu, akadhani ni kompyuta tatu. Ilikuwa moja. Nzuki aliinunua kwa Rahab, mwanamke anayeuza mashine zilizotumika kule Kawangware, na Rahab ndiye aliyemwonyesha namna ya kugawa ubongo mmoja kwa watu watatu, kila mtu na kioo chake. Simeon, mchomeleaji jirani ya Rahab, ndiye aliyetengeneza vyuma vya kushikilia vioo hivyo. Alivileta mwenyewe Kibera, akapokelewa kwa chai na Ndinda, na tangu siku hiyo vyuma vikawa vinalegea kila wiki na kumhitaji fundi.

Juu ya ukuta kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: HAPA HAKUNA MGAO. Aliyeyaandika ni Mzee Kitheka kwa mkono wake. Mgao ni neno aliloishi nalo Nairobi ujana wote na uzee wake. Mgao wa maji, mgao wa stima, mgao wa unga wa msaada ambao ulifika ukiwa nusu gunia. Kila mara aliyegawa alitoka ameshiba. Kwa hiyo Rahab alipomwambia Nzuki amwekee kila mteja kikomo, baba alikataa kabla mwana hajajibu.

"Mteja akikaa kwa kiti ni chake," mzee alisema. "Atumie mashine mpaka atosheke. Sisi si serikali."

Rahab alicheka tu. "Sawa, mzee. Siku mmoja atatosheka na wengine walale njaa, mnipigie."

Barabarani mbele kidogo kulikuwa na kituo cha kompyuta cha vijana, cha bure, mashine mpya tupu. Utepe ulikatwa, hotuba zikatolewa, soda zikanywewa. Kisha kufuli. Kupitia dirishani unaziona zimefunikwa vitambaa kama wagonjwa waliolala. Ndiyo sababu watu wa Mashimoni walijaa kwa Nzuki.

Mchana huo kiti cha kwanza kilikuwa cha Kagiri, mpiga video wa kwaya. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi akitengeneza video ya sherehe ya kanisa ya kesho. Kiti cha pili kilikuwa cha Valary, binti wa mlango wa tatu, aliyekuwa akijaza fomu ya chuo cha uuguzi, siku ya mwisho ya kuipokea ikiwa hiyo hiyo. Kiti cha tatu kilitandikwa kitenge kwa ajili ya mzee, na mguu wake ukawekwa juu ya mtungi uliogeuzwa.

"Mzee, leo umeng'ara," Kagiri alisema. "Kama mtu anaenda kuapishwa."

"Mimi nikiapishwa wewe utakuwa wa kwanza kufungwa. Hiyo makelele punguza."

"Si makelele, ni soprano."

* * *

Huko Kitui, Ndinda alikuwa na simu kubwa pekee ya familia. Aliiunganisha na televisheni ya jirani, iliyobebwa hadi uani na kuwekwa juu ya meza yenye kitambaa. Wazee walikaa mbele yake kama wanaongoja taarifa ya habari. Mzee Kitheka aliwaona wote: mkewe Kavindu akiwa na leso mpya, Simeon ameinamisha kichwa, na mjomba wa Simeon, Mzee Ndululu, mwenye kofia na fimbo, ndiye msemaji wao. Nyuma yao mbuzi watatu walikuwa wakila majani ya ua wa Kavindu.

"Mkwe," Ndululu alianza, "tumekuja. Tulitaka tukupate nyumbani, tukaambiwa mguu."

"Mguu ni kweli, mzee mwenzangu."

"Hatujasema si kweli." Alikohoa kidogo, na wenzake wakatazamana. "Watu wa Nairobi huwa na mambo mengi. Mara mguu, mara mkutano. Lakini tumekuja."

Mzee Kitheka aliukaza uso asionyeshe kuwa maneno yamemchoma. Ndululu akasogeza mbuzi wa kwanza mbele ya simu, dume jeusi lenye ndevu.

"Huyu ndiye wa kwanza. Je, mkwe wetu, unamwonaje?"

Wakati huo, kwenye kiti cha kwanza kule Kibera, Kagiri alibonyeza kitufe cha kupika video yake, yaani kuikusanya yote iwe faili moja, nyimbo zote kwa mpigo. Na mzee naye, kwa bahati mbaya, alikuwa akijiandaa kupiga chafya.

Picha ikaganda.

Televisheni ya Kitui ikabaki na uso mkubwa wa Mzee Kitheka: pua imekunjwa, jicho moja limefumbwa, mdomo umepinda upande kama mtu aliyenusa samaki wa juzi. Chini ya uso huo alisimama mbuzi.

Ndululu alimtazama mbuzi, akautazama uso, akamtazama mbuzi tena.

"Ameona kasoro gani?" aliuliza.

"Baba hajasema kitu," Ndinda alisema haraka.

"Mwanangu, huo uso umesema."

Uso haukubadilika. Walingoja. Mzee mmoja akasema hata nyanya yake hakuwahi kumtazama mbuzi hivyo. Simeon alipiga magoti karibu na televisheni na kutikisa waya, akaambiwa na mjomba wake aondoke hapo asiendelee kuomba mtu aliyekwisha kukataa.

* * *

Kibera, mzee alikuwa akipiga kelele kwenye kioo. "Nimewapokea! Wote watatu! Nimepokea!" Kioo hakikumsikia. Mshale wa kipanya ulitambaa kama konokono.

"Nzuki! Imehang!"

"Hata huku imehang," Valary alisema kwa sauti ya kutaka kulia. "Nimefika mahali pa kutuma. Haitumi."

"Kwangu iko sawa," alisema Kagiri. "Inapika tu."

Nzuki alikuja mbio, akaangalia kioo cha Kagiri. Kwaya ilikuwa imevaa mawingu. Njiwa waliruka kutoka kwenye midomo ya waimbaji, majina yao yalizunguka kama feni, na moto ukawaka nyuma ya mchungaji.

"Kagiri, hawa njiwa wote ni wa nini?"

"Ni Roho."

"Roho ni mmoja! Wewe umeweka kundi!"

"Boss, si ukuta wako umesema hakuna mgao?"

Simu ndogo ya mzee, ile ya vitufe, ikalia. Ilikuwa Kavindu, na hakusalimia.

"Baba Nzuki, umefanya nini na uso wako?"

"Uso? Ni chafya!"

"Chafya gani haiishi? Uko hapa mbele ya watu umewakunjia pua. Mzee Ndululu anataka kamba za mbuzi."

"Mpe simu nimwambie kwa mdomo."

Kulisikika sauti za mbali, kisha Kavindu akarudi. "Anasema uso amekwisha kuuona, sauti ataifanyia nini. Anasema sauti yaweza kuwa ya mtu yeyote, hata na Nzuki mnaongea sawa. Fanya jambo. Jua linateremka, na mtoto amejificha jikoni analia." Akakata.

Mzee aliketi na simu mkononi. Mtu ambaye mkewe bado yuko hai na bado anamkemea hajui ana bahati kiasi gani. Yeye aliona aibu tu.

"Zima mashine," alisema. "Izime iwake upya."

"Usizime!" Kagiri alisimama. "Nimekaa hapa tangu asubuhi! Kesho ni sherehe!"

"Fomu yangu itapotea," Valary alisema. "Nikianza upya, itafika na ofisi imefungwa."

"Basi niazime simu yako niwapigie, Kagiri," mzee alisema.

"Iko kwa waya, mzee. Video zinatoka humo. Nikiichomoa zinaharibika."

Ndipo Nasike alipoingia kutoka kioskini, mikono ikidondoka maji. Alikuwa amesikia yote. Kutoka kioski hadi saiba ni hatua ya mtoto.

"Baba, naomba niseme. Usinikasirikie."

"Sema."

"Juzi bomba lilipotoa maji kidogo, nilifanya nini?"

Mzee alikumbuka vizuri. Nasike alisema kila mtu mitungi miwili, na yeye mzee akamwita mbele ya foleni nzima mtoto wa serikali.

"Ulinitukana," Nasike aliendelea, "lakini jioni ile kila mlango ulipika. Mwenye hoteli alitaka kujaza pipa. Ningemwachia, wewe ungekunywa nini? Na mimi nilichota miwili, kama wengine."

"Ndiyo tofauti," Mzee Kitheka alisema polepole. "Wewe ulichota miwili."

"Basi mwambie Nzuki aweke. Hata kwa kiti chako."

Mzee aliyatazama maandishi yake mekundu. Ni vigumu mtu kumeza neno aliloliandika ukutani kwa rangi ya mafuta. Lakini jua halikuwa likimngoja yeye.

"Piga simu Kawangware," alisema.

* * *

Rahab aliposimuliwa yote, alicheka kwanza. Kisha akasema, "Nzuki, toka kwa picha, ingia kwa maandishi. Unajua vile vitufe." Nzuki alivibonyeza kwenye kibodi ya baba yake. Kioo cha kiti cha tatu kikakaa, kikakaa, kikawa cheusi chenye herufi nyeupe.

"Ndani ya mashine kila kiti kina jina lake," Rahab alisema. "Cha Kagiri ni cha kwanza. Kwa hilo jina unaandika prosesa asipite robo, memori asipite robo."

"Nimfungie kabisa?"

"Wacha haraka! Ukimjengea ukuta, ile kazi itagonga kichwa ife, na kwaya itakulaani. Kuna kikomo cha kuua na kuna kikomo cha kupunguza mwendo. Weka cha kupunguza. Atafika, lakini atatembea. Halafu weka pia kwa cha pili na cha tatu, kila mmoja robo. Robo iliyobaki ni ya mashine yenyewe ipumue."

Nzuki aliandika. Kila herufi ilichelewa kutokea kama mtu anayeitwa asitake kuja. Mzee alikuwa akipumua shingoni mwake.

"Baba, unanitia joto."

"Andika."

Herufi ya mwisho ikatokea. Nzuki akabonyeza. Feni ya mashine, iliyokuwa ikivuma kama posho mill inayosaga mahindi, ikashusha pumzi. Akarudi kwenye picha. Mshale ukasogea. Valary akapiga yowe, "Imeenda! Fomu imeenda!" akamkumbatia Nasike aliyelowa, akalowa naye.

Kagiri aliinama kwenye kioo chake. "Sasa njiwa wanatembea kwa miguu," alinung'unika. Lakini walikuwa wakitembea.

* * *

Kitui walikuwa wamekwisha kufunga kamba. Dume jeusi lilikuwa langoni, Simeon akilivuta bila nguvu, na mbuzi naye hakutaka kuacha ua wa Kavindu. Ndinda alikuwa ametoka jikoni, macho mekundu, kuja kuzima televisheni ya watu. Uso uliopinda ukatikisika. Ukafumbua jicho.

"Ndinda! Usizime! Nimewapokea!"

"Mjomba!" Simeon aliita. "Anaongea! Mjomba!"

Ndululu alirudi kwa hatua za mtu asiyetaka kuonekana anarudi. Picha ilikuwa ndogo kuliko mwanzo na rangi zimefifia, kwa sababu kiti cha tatu nacho kilikuwa na kikomo chake, lakini sauti ilikuwa safi.

"Mkwe, ulikunja uso."

"Ilikuwa chafya, mzee mwenzangu. Mashine ikaishika hapo hapo."

"Chafya." Ndululu aliegemea fimbo yake. "Mguu umevunjika, kisha chafya imeganda. Leo una bahati mbaya ya kukutosha. Sisi ni watu wazima. Kama hutaki mtoto wetu, sema. Hatutapigana."

Mzee Kitheka alijua hapo hakuna neno litakalotosha. Akamwambia Nzuki, "Inamisha kamera."

"Baba, suruali..."

"Nimesema inamisha!"

Akashika paja lake kwa mikono miwili, akaunyanyua mguu kutoka kwenye mtungi, huku akiguna, akaubwaga juu ya meza mbele ya kibodi. Koti la Shivachi likalia mgongoni, mshono mmoja ukaachia. Televisheni ya Kitui ikajaa plasta: kuku, nyumba, gari la magurudumu matano, na juu yake kaptura ya mkasi, nyuzi zikining'inia. Wazee wote walisogea mbele.

"Huo ndio mguu," Mzee Kitheka alisema. "Ulivunjwa na mtaro wa wakubwa. Koti si langu. Suruali mnaiona. Kilicho changu ni yule binti, na nasema mbele yenu nimewapokea mbuzi, mweusi na wenzake wawili, na hakuna mwenye kasoro. Mwenye kasoro ni aliyechimba mtaro."

Kisha Ndululu akaivua kofia yake.

"Hilo gari," aliuliza taratibu, "gurudumu la tano ni la nini?"

"Ni la barabara zetu," alijibu Mzee Kitheka. "Moja lazima liingie shimoni."

Ndululu alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Wazee wakacheka, Kavindu akapiga kigelegele, na Simeon akamwachia mbuzi, ambaye alirudi moja kwa moja kwenye ua na kuendelea pale alipoachia. Ndinda aliigusa televisheni kwa kiganja, hapo penye kuku.

Mzee Kitheka alipoona mambo yamekaa vizuri, akajiweka sawa kuanza hotuba kuhusu mtaro, kituo kilichofungwa, na wale wa majembe mapya. Alikuwa amefika kwenye kofia za plastiki picha ilipoanza kukatika.

"Nzuki, niongeze kidogo. Nimefika penye maana."

"Haiwezekani, baba. Kikomo ni cha wote."

Mzee alifungua mdomo. Akamtazama Nasike mlangoni, akaufunga.

* * *

Jumapili kwaya ilionyeshwa na njiwa wake wote, ingawa Kagiri aliwangoja hadi giza la Jumamosi likaingia. Koti lilirudi kwa Shivachi likiwa limeshonwa, naye akajifanya hakuona uzi wa rangi tofauti.

Baada ya ibada Ndinda alituma picha. Mtu mmoja uani alikuwa ameipiga televisheni wakati ule uso ulipoganda, mbuzi akiwa chini yake. Kitui yote ilikuwa imeiona. Nasike aliichapisha kwenye karatasi kubwa, akaingia nayo sebuleni ameificha mgongoni.

"Baba, usikasirike. Nataka kuibandika juu ya viti. Mteja akipitisha kikomo, aangaliwe na huu uso."

Mzee Kitheka aliishika karatasi mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu. Pua, jicho moja, mdomo.

"Kweli ningewarudisha mbuzi hata mimi," alisema. Akamrudishia. "Bandika juu ya yale maandishi yangu mekundu. Yafunike."

Nasike alikuwa amefika mlangoni mzee alipomwita tena.

"Na mama, nani kakuambia uichapishe kwa rangi? Wino hauna kikomo?"